RUDISHENI CHEREHANI: Tafakari juu ya mikopo ya siri na fedha za nyumbani



Juma hili tulikusudia kutafakari nanyi Injili ya Dominika, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Tumelazimika kubadili nia. Katika mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, hapa hapa Hedaru, cherehani imetolewa ndani ya nyumba ya mama mmoja na kubebwa juu ya pikipiki mchana kweupe, majirani wakitazama. Aliyeichukua ni Mkatoliki. Aliyenyang'anywa ni Mkatoliki. Wote wawili ni wa Jumuiya moja, husali rozari pamoja kila Oktoba, na Dominika iliyopita wote wawili walikuja kanisani: mmoja akaketi benchi la mbele, mwingine akabaki nje chini ya mwarobaini, kwa sababu aliona haya kuingia.

Tunasimulia kwa idhini ya mama mwenyewe. Hakuna neno hata moja lililotoka katika kiti cha kitubio, na tumeacha kila jambo ambalo lingewatambulisha wahusika. Tunawasihi msianze kuulizana ni nani na nani. Swali lenye faida kwa kila msomaji ni lile waliloulizana mitume karamuni: je, ni mimi?

Jinsi kitanzi kilivyofungwa

Binti wa mama huyu alipokea Komunyo ya Kwanza. Sisi tulimfundisha mtoto kwamba anampokea Kristo, na kwamba hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Mtaa ukamfundisha mama somo jingine: kwamba Komunyo bila turubai, viti vya kukodi, muziki na keki si Komunyo. Mama ni mshonaji, mume wake hufanya kibarua mbali na nyumbani. Fedha ya sherehe haikuwepo. Basi akaenda kwa ndugu yake wa Jumuiya, akakopa Sh. 200,000/= kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mume hakuambiwa. Karatasi ikaandikwa, dole gumba likagandamizwa, cherehani ikawekwa dhamana.

Tufuate hesabu pole pole, kwani shetani wa deni hukaa ndani ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya. Riba ya mwezi mmoja ni Sh. 60,000/=. Mama alilipa riba hiyo miezi minne mfululizo, akishona usiku na mchana. Jumla alitoa Sh. 240,000/=, yaani zaidi ya fedha yote aliyokopa. Deni likabaki lile lile, Sh. 200,000/=, kwa sababu alikuwa akilipa riba tupu. Mwezi wa tano mvua zilikataa, wateja wakapungua, akakosa riba. Hapo ndipo alipopakua katika simu programu moja ya mikopo ya haraka, akabonyeza kukubali kila alichoulizwa, pamoja na kuiruhusu isome majina yote yaliyo katika simu yake. Alipata fedha kwa dakika chache, akalipa riba ya mwezi wa tano. Deni likazaa deni.

Siku za mkopo wa simu zilipokwisha, matusi yalianza kutumwa. Hayakutumwa kwake peke yake. Yalikwenda kwa shangazi yake, kwa mwalimu wa mtoto, kwa wateja wake, kwa shemeji yake na kwa katekista wa kigango. Mume alipata habari za nyumba yake mwenyewe kutoka katika simu ya kaka yake. Mwezi wa sita pikipiki ikaja kuchukua cherehani.

Hesabu ya mwisho ni hii: kwa kukopa laki mbili, mama amelipa laki tatu, bado anadaiwa laki mbili, anadaiwa pia na simu, na chombo cha kumwezesha kulipa kimeondoka. Watu wa mitaani wamekwisha kuipa mikopo hii jina lake, nao hawakukosea. Wanaiita kausha damu.

Neno kwa mkopeshaji

Ndugu yetu, tulikuja kwako kwanza tukiwa peke yetu, kama Bwana anavyoagiza katika Mathayo 18. Ulitukaribisha kwa heshima na chai. Ulitujibu mambo matatu, nasi tunayajibu hapa kwa sababu si wewe peke yako unayeyasema.

Ulisema: "Padri, biashara ni biashara, mbona benki nazo zinatoza riba?" Ni kweli zinatoza. Kanisa limeutafakari mjadala huu kwa karne nyingi. Papa Benedikto XIV, katika barua yake Vix Pervenit ya mwaka 1745, alikataza kudai zaidi kwa sababu tu umekopesha, ila akakiri kwamba zinaweza kuwepo sababu nyingine za haki, kama vile hasara halisi anayoipata mkopeshaji. Fedha hupungua thamani, kitabu cha hesabu kina gharama zake, na wapo wasiolipa. Hayo tunayakubali. Lakini nchi yetu nayo imeweka kipimo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja lile wasiopokea amana. Kwa kipimo hicho riba ya laki mbili ni Sh. 7,000/= kwa mwezi, nayo ya miezi mitano ni Sh. 35,000/=. Wewe umechukua Sh. 300,000/=. Tofauti ya hesabu hizo mbili ina jina katika Amri ya Saba.

Ulisema: "Hata Yesu alimlaumu yule mtumishi kwa kutoipeleka talanta kwa watoa riba." Umeisoma Mathayo 25, nasi tunafurahi. Ila uliifunga Biblia mapema mno. Endelea mistari michache katika sura hiyo hiyo, utamkuta Mfalme akiwatenga watu kulia na kushoto. Hamwulizi hata mmoja wao talanta zake zilizaa kiasi gani. Anawauliza juu ya mwenye njaa, mwenye kiu na aliye uchi. Mama yule alikuwa akiwavika watu wa mtaa huu kwa cherehani yake, nawe umeichukua.

Ulisema: "Alisaini mwenyewe, dhamana ni dhamana." Torati inajua dhamana. Ndiyo maana ikakataza waziwazi kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wa mtu (Kumb 24:6). Tena ikaagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani arudishiwe kabla jua halijatua, kwani ndilo ajifunikalo usiku (Kut 22:26-27). Cherehani ya mshonaji ndiyo jiwe lake la kusagia. Jembe la mkulima ni jiwe la kusagia. Pikipiki ya kijana wa bodaboda ni jiwe la kusagia. Na kadi ya benki ya mstaafu, ile mnayoizuia pamoja na namba yake ya siri ili mwisho wa mwezi mtangulie ninyi kufika kwenye mashine, hiyo nayo ni jiwe la kusagia.

Ikiwa maneno ya Torati yanaonekana ya zamani, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inafundisha kwamba wale ambao kwa riba na tamaa yao wanasababisha njaa na kifo cha ndugu zao wanahesabiwa kuua, japo si kwa mkono wao wenyewe. Jambo hili limewekwa chini ya Amri ya Tano, amri ya kutoua. Tafadhali lisome kabla hujapanga foleni ya Komunyo.

Neno kwa wanaosema "alijitakia"

Wapo wengi, wengine wao viongozi wetu, waliotuambia kwamba mama yule alijitakia mwenyewe. Kosa lake lipo, naye amelikiri kwa machozi kuliko tulivyomwomba. Lakini Nehemia aliposikia kilio cha Wayahudi waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, hakuanza kuwahoji wakopaji kwa nini hawakuweka akiba. Aliwakusanya wakuu waliokopesha, akawakemea mbele ya kusanyiko kubwa, akawadai warudishe mashamba na riba waliyotoza, nao wakakubali (Neh 5:1-13). Kosa la mkopaji hutibiwa kwa mafundisho. Kosa la mnyonyaji hutibiwa kwa kurudisha.

Tena sisi watu wa Upare tuna kumbukumbu ambayo ingepaswa kututia aibu. Mwezi wa Januari 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu kutoka milimani hadi Same, wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya, wakiipinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kadiri ya mali yake kwa hesabu wasiyoridhika nayo. Akina mama nao waliandamana. Mapambano yale yalidumu kwa muda mrefu mpaka serikali ya kikoloni ikaiacha kodi ile. Waliokataa hesabu wasiyoielewa mbele ya mkoloni mwenye askari wamezaa wajukuu wanaoweka dole gumba, bila kuuliza swali, chini ya hesabu ya jirani. Mzee wa mbiru angetuuliza nini?

Neno kwa sisi wenyewe

Haitakuwa haki tumseme mkopeshaji na mkopaji, nasi tukae pembeni kama watakatifu wa dirishani. Tuna makosa matatu ya kukiri hadharani.

Kwanza, tuliziacha sherehe za Sakramenti zigeuke mashindano. Yoshua bin Sira alionya zamani kwamba mtu asijifanye ombaomba kwa kufanya karamu za fedha ya kukopa hali mfuko wake ni mtupu (YbS 18:33). Sisi tulialikwa katika karamu hizo, tukabariki keki, tukala pilau, wala hatukuuliza hata mara moja imelipiwa na nani.

Pili, michango yetu imekuwa mingi na isiyo na mpangilio. Kuna zaka, kuna shukrani, kuna mchango wa jengo, wa jubilei, wa sare ya kwaya, wa mgeni anayekuja na wa mgeni anayeondoka. Mjane anayekopa ili jina lake lisikosekane katika orodha, hajamtolea Mungu kitu. Amemtolea mkopeshaji riba, na sisi tumekuwa madalali wake.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi: katika harambee ya paa la kanisa, ndugu yetu mkopeshaji alitoa zaidi ya watu wote, nasi tulimsimamisha, tukampigia makofi na vigelegele. Tulijua anakopesha. Hatukuuliza anakopeshaje. Huenda baadhi ya bati zinazotukinga jua la Hedaru zimenunuliwa kwa usingizi wa mshonaji.

Siri ndiyo dhamana ya kweli

Watani wetu hupenda kusema kwamba Wapare ni wabahili, na kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Laiti ubahili huo ungekuwa kweli! Yule anayehesabu senti zake hadharani hanaswi kwa urahisi. Wanaonaswa ni wale wanaoficha.

Hili ndilo neno letu kuu juma hili, nanyi mkisahau mengine yote mlishike hili. Dhamana ya kweli ya mikopo ya kausha damu ni siri. Cherehani ni nyongeza tu. Mkopeshaji wa aina hii anajua kwamba mke hajamwambia mume, au mume hajamwambia mke, na kwamba mtu yuko tayari kulipa riba mara tatu ili jambo lisijulikane. Programu za simu zinazokusanya majina ya jamaa zako zinafanya biashara hiyo hiyo: zinashikilia aibu yako kama rehani, kisha zinatishia kuiuza. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Serikali inaweza kufunga programu, nasi tunaishukuru. Siri iliyo ndani ya nyumba yako haina wa kuifunga isipokuwa wewe.

Akina baba msifikiri tunawasema akina mama peke yao. Wapo waume waliokopea mshahara mpaka mke haelewi kwa nini mwalimu mzima anakosa fedha ya chumvi. Wapo waliojaribu kuiweka rehani nyumba ya familia, mke asijue. Tuwakumbushe kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mliapa altareni kuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kuwa na mifuko miwili isiyofahamiana.

Hali kadhalika tunawaonya juu ya wahubiri wanaopita na vipaza sauti wakiahidi kwamba madeni yatafutwa kwa muujiza, mradi tu utoe kwanza sadaka maalumu. Mtu mwenye deni anayeombwa fedha ili afutiwe deni amepata mdai mwingine.

Mjane wa Elisha na njia ya kutoka

Je, kuna njia ya kutoka? Ipo, nayo Maandiko yameieleza kwa mpangilio wa kushangaza (2Fal 4:1-7). Mjane wa mtumishi wa Mungu alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tazameni alichofanya. Alisema wazi mbele ya Elisha. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaazima kwa majirani, lakini aliazima vyombo vitupu, hakukopa fedha. Akafunga mlango, akafanya kazi na wanawe. Mafuta yalipopatikana akaagizwa auze, alipe deni kwanza, kisha aishi kwa kilichobaki. Tufuate nyayo zake.

1. *Semeni.* Usiku mmoja, watoto wakiisha kulala, mume na mke keteni mezani na daftari. Andikeni kila deni: la nani, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Msilaumiane usiku huo. Lawama ziachieni siku nyingine, au ziacheni kabisa. Asiye na mwenzi amwite ndugu mwaminifu.

2. *Acheni kuchimba.* Msichukue mkopo mpya wa kulipa riba ya mkopo wa zamani. Hapa tunawaonya pia akina mama walio katika VICOBA vitatu au vinne, wanaokopa cha Jumanne ili walipe cha Alhamisi. Chombo hiki kilibuniwa kwa akiba, na mwanzo wake ulikuwa vikundi vya wanawake wa Niger vilivyosaidiwa na shirika la CARE mwaka 1991. Sanduku lenye kufuli tatu lina maana pale tu ndani yake mna fedha ya wanachama wenyewe.

3. *Nendeni kwa mdai na shahidi.* Ombeni riba isimame, mlipe mtaji kidogo kidogo, na kila malipo yaandikwe. Mwulizeni leseni yake. Anayetisha au kutukana apelekwe mbele ya vyombo vya serikali, nasi tutawasindikiza.

4. *Lipeni lenye riba kali kwanza.* Deni la duka lisilo na riba linaweza kusubiri kwa heshima. Deni la asilimia 30 linakula kila usiku mnapolala. Na msidanganywe na malipo ya kila siku. Anayekupa Sh. 300,000/= urudishe Sh. 12,000/= kila siku kwa siku 30 anapokea Sh. 360,000/=. Atakwambia riba ni asilimia 20. Lakini ulianza kurudisha tangu siku ya kwanza, na laki tatu yote hukukaa nayo hata siku mbili. Riba halisi ni karibu mara mbili ya ile aliyoitaja.

5. *Uzeni kisichozalisha kabla ya kinachozalisha.* Kochi la sebuleni liende kabla ya mbuzi jike. Televisheni iende kabla ya cherehani. Aibu ya sebule tupu hupita.

6. *Andikeni matumizi madogo.* Sh. 1,500/= kwa siku ya soda, bando na vocha ni Sh. 45,000/= kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya laki tano. Mama yule alikopa laki mbili.

7. *Jengeni ndiva ya nyumbani.* Wazee wetu waliishi katika nchi hii ambayo milima imeukinga upande wetu usipate mvua ya kutosha. Hawakungoja mto uwe mkubwa. Walichimba ndiva, wakayakusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi wakafungulia mifereji kwa zamu. Ndiva haiongezi mvua hata tone moja. Inayazuia maji yasipite bure usiku. Fedha ya mavuno na ya siku ya gulio ni maji ya usiku. Wekeni sehemu yake kabla ya kutumia, hata iwe Sh. 500/=, na msiifungulie kwa ajili ya turubai.

Anayehitaji mtaji wa kweli kwa kazi ya kweli asikimbilie kwanza kwa jirani mwenye karatasi na dole gumba. Ipo mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vipo pia vyama vya akiba na mikopo vinavyosimamiwa kisheria. Njia hizi zina foleni na fomu nyingi, nasi tunazijua kero zake. Lakini foleni ya halmashauri haijawahi kubeba cherehani ya mtu.

Tunachokusudia kufanya

Kanisa halikuishia kukemea. Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, Wafransisko walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani na gharama ndogo ili wasiangukie mikononi mwa walanguzi. Katika karne ya 20 padre Moses Coady na wenzake, huko Nova Scotia nchini Kanada, waliwakusanya wavuvi na wakulima nyumbani kwao katika vikundi vya kujifunza, na kutoka vikundi hivyo vikazaliwa vyama vya akiba na mikopo. Vikundi vya nyumbani! Sisi tunavyo tayari, tunaviita Jumuiya. Tunavyo na msaragambo, ambao wazee waliutumia kuzibua mifereji kwa pamoja.

Basi tutapeleka mambo manne mbele ya Halmashauri ya Walei. Kwanza, Komunyo ya Kwanza na Kipaimara vitafuatwa na chakula kimoja cha pamoja uwanjani mwa kanisa, kila familia ikileta sufuria yake, nasi hatutahudhuria karamu nyingine yoyote siku hiyo. Pili, majina na viwango vya watoaji havitasomwa tena kanisani. Tatu, kila Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa dharura usio na riba, kwa ugonjwa na msiba. Nne, mafundisho ya ndoa yawe na jioni moja ya daftari la fedha, na wachumba wakopaji waseme madeni yao kabla ya kufunga ndoa.

Kuna jambo la tano, nalo halisubiri kikao. Ndugu yetu wa benchi la mbele, tunakuomba mbele ya Mungu: rudisha cherehani. Umekwisha kupokea mtaji wako wote na laki moja juu yake. Irudishe usiku kama unaona haya, kwa pikipiki ile ile. Zakayo alishuka juu ya mti akarudisha mara nne, wala Bwana hakumfukuza. Aliingia nyumbani mwake akala naye. Ukirudisha, nasi tutakuja kula kwako. Usiporudisha, ulichotoa kwa ajili ya paa tutaanza kukirejesha kidogo kidogo, na fedha hiyo itamnunulia mama yule cherehani. Tungependa kuketi chini ya jua kuliko chini ya bati hizo.

Nawe mama uliyesimama chini ya mwarobaini, Dominika ijayo ingia ndani. Mume wako amesema mtaingia pamoja. Nafasi yenu ipo.

Mungu awabariki nyote. Tukutane tena juma lijalo.